Binti Anataka Kusoma Zama za Kati: Je, Tumruhusu?

Wazazi wengi wamezoea kuombwa na watoto wao ada, nauli na fedha za madaftari. Ni mara chache sana mzazi kuombwa ruhusa ya kurudi nyuma miaka mia nane. Hayo ndiyo yaliyompata mzee mmoja wa Tanga, mstaafu wa reli, ambaye hivi karibuni alinitumia salamu kwamba nifike kwake baada ya sala ya alasiri bila kukosa.

Nilimkuta barazani, miwani puani, barua mkononi. Binti yake wa tatu yuko Marekani, mwaka wa pili wa chuo kikuu, kwa msaada wa masomo ambao haukugusa nauli. Nauli ilitoka katika kiinua mgongo cha mzee na katika bangili mbili za dhahabu za mkewe. Binti aliondoka nyumbani kwa nia ya kusoma uchumi. Lakini vyuo vingi vya huko humpa mwanafunzi muda wa kuonja masomo mbalimbali kabla ya kutaja somo lake kuu, na sasa muda huo umekwisha. Katika barua aliyoiandika kwa mkono, kwa kuwa jambo lenyewe, alisema, ni zito kwa simu, aliomba radhi ya wazazi wake achukue shahada ya tamaduni za Zama za Kati.

"Bwana mwandishi," mzee alianza hata kabla kahawa haijamiminwa, "wewe ni mtu wa magazeti, nieleze. Zama za kati za nani? Na ni kati ya nini na nini?"

Nilikiri kwamba swali lake lilikuwa zuri kuliko jibu nililokuwa nalo. Nikamwomba siku chache nikasome. Haya yafuatayo ndiyo niliyomrudishia, nami nayaandika hapa kwa sababu naamini mzee huyo si peke yake. Leo vijana wetu wanakutana na masomo ambayo majina yake hayakuwamo katika orodha tuliyoijua sisi: udaktari, sheria, uhandisi na ualimu. Mzazi anayetakiwa kutoa radhi ana haki ya kujua anaridhia nini.

KATI YA NINI NA NINI?

Jina lenyewe lilianza kama tusi. Wanazuoni wa Italia wa karne ya 14 na 15, walioihusudu mno fahari ya Roma ya kale, waliiona miaka iliyowatenganisha nayo kuwa ni bonde la giza kati ya vilima viwili vyenye jua. Kwa desturi bonde hilo huanzia mwaka 476, alipoondolewa mfalme wa mwisho wa Roma ya Magharibi, na huishia karne ya 15: wengine hutaja mwaka 1453, Waturuki walipoiteka Constantinople, na wengine mwaka 1492, Columbus alipovuka Atlantiki. Hiyo ni karibu miaka elfu moja.

Msomaji ataona mara moja kwamba kipimo hicho ni cha Ulaya. Miaka ambayo Ulaya ya Magharibi iliihesabu kuwa ni usiku ilikuwa ni adhuhuri mahali pengine. Baghdad ilikuwa ikivitafsiri vitabu vya Wayunani kwa Kiarabu. China ilikuwa ikipiga chapa vitabu na kutumia dira baharini. Na mwaka 1324 Mansa Musa wa Mali alipita Cairo akienda kuhiji, na dhahabu aliyoigawa ikasimuliwa kwa miaka mingi. Ndiyo maana somo hili, ambalo lilianza na Ulaya na Kilatini chake, limekuwa likipanuka. Chama cha wanazuoni wa Zama za Kati cha Marekani kiliundwa mwaka 1925, na mwaka 1929 chuo maalumu cha fani hiyo kikafunguliwa Toronto, Kanada. Hapo awali Afrika haikuonekana sana. Lakini mwaka 2013 mwanahistoria Mfaransa, François-Xavier Fauvelle, alitoa kitabu kizima juu ya Zama za Kati za Afrika, akikipa jina la kifaru mdogo wa dhahabu aliyepatikana Mapungubwe, kusini mwa mto Limpopo.

Shahada yenyewe haikai katika idara moja. Mwanafunzi huchukua masomo katika historia, fasihi, dini, falsafa, sanaa na akiolojia, yote yakihusu karne zile. Aghalabu hutakiwa kujifunza angalau lugha moja ya kale, iwe Kilatini, Kiarabu, Kigiriki au Kiebrania, na kuzoea kuzisoma hati zilizoandikwa kwa mkono kabla ya mitambo ya kupiga chapa. Mwishoni huandika tasnifu juu ya swali moja.

Kwa nini idara zote hizo? Kwa sababu watu wa zamani hawakuishi katika idara. Mwaka 1154, katika mji wa Palermo, kisiwani Sicily, Mwislamu aitwaye al-Idrisi alikamilisha kitabu kikubwa cha jiografia pamoja na ramani zake. Alikiandika kwa Kiarabu, kwa amri ya mfalme Mkristo, Roger wa Pili. Ndani yake zimetajwa Malindi na Mombasa, pamoja na chuma cha pwani yetu. Je, kitabu hicho ni historia ya Ulaya, ya Waarabu au ya Afrika? Anayekisoma kwa macho ya upande mmoja atatupa theluthi mbili za kitabu.

BARUA YA NDUGU MMOJA

Mzee alinisikiliza, lakini nilitambua kwamba miaka na majina havikumgusa. Nikamsimulia basi habari ya barua nyingine, iliyo kongwe kuliko ile aliyoishika.

Katika Fustat, mji mkongwe ulio sehemu ya Cairo ya leo, Wayahudi walikuwa na sinagogi lenye chumba cha kuhifadhia maandishi yaliyochakaa. Kwao karatasi yenye jina la Mwenyezi Mungu haitupwi ovyo, jambo ambalo Mwislamu wa pwani hahitaji kuelezwa, maana naye hatupi ukurasa wa msahafu jalalani. Lakini Wayahudi wa Fustat walizidi: waliziweka humo hata barua za biashara, hati za mahari, talaka, orodha za deni na mazoezi ya watoto wa shule. Mwishoni mwa karne ya 19 mwanazuoni Solomon Schechter alipeleka Cambridge, Uingereza, sehemu kubwa ya karatasi hizo. Maktaba ya chuo kikuu cha huko inazo vipande zaidi ya 190,000.

Miongoni mwa vipande hivyo imo barua ya karibu mwaka 1170. Aliyeiandika ni David, mfanyabiashara. Aliyeandikiwa ni kaka yake Musa bin Maimun, ambaye Ulaya humwita Maimonides, mmoja wa wanazuoni wakuu wa Kiyahudi wa nyakati zote. David yuko Aydhab, bandari ya jangwani kwenye pwani ya Bahari ya Shamu. Anaeleza kwamba amevuka jangwa kutoka mto Nili bila kuungana na msafara mkubwa, na kwamba wakiwa jangwani walikijutia kitendo hicho. Lakini Mungu aliwasalimisha, na wengine waliosafiri na msafara walipata mashaka makubwa kuliko wao. Amefika bandarini na kukuta hakuna bidhaa ya maana isipokuwa nili ya kutilia nguo rangi. Kwa hiyo ameamua kuvuka bahari kwenda India. Anamwomba kaka yake asiwe na wasiwasi, na amtulize mkewe.

Hakurudi. Alizama katika Bahari ya Hindi, pamoja na mali yake na mali ya watu wengine. Miaka kadhaa baadaye Musa alimwandikia rafiki yake kwamba hilo lilikuwa pigo kubwa kuliko yote maishani mwake, na kwamba alilala kitandani kiasi cha mwaka mzima, mgonjwa na mwenye homa. Mjane na binti mdogo wa David wakawa mikononi mwake. Aliyekuwa akikaa na vitabu huku nduguye akitafuta riziki sasa alilazimika kuitafuta mwenyewe, akawa tabibu, na utabibu huo ukamfikisha katika jumba la utawala wa Sultani Salahuddin.

Hebu sasa tuulize, ni elimu ngapi zinahitajika ili barua hiyo moja itufikie? Imeandikwa kwa Kiarabu lakini kwa herufi za Kiebrania, basi anayejua moja tu kati ya hizo amekwama. Anahitajika mjuzi wa miandiko atakayeeleza mkono ni wa karne gani. Anahitajika mtu wa jiografia atakayeionyesha Aydhab, bandari ambayo leo ni magofu. Anahitajika mtu wa biashara atakayeeleza kwa nini nili haikumtosha David, na mtu wa bahari atakayeeleza pepo za msimu, kusi na kaskazi, ambazo mabaharia wetu wanazijua hata leo. Na anahitajika mjuzi wa sheria za Kiyahudi atakayeeleza hali ya mjane ambaye mumewe amepotelea baharini na maiti haikuonekana.

Hakuna mtu mmoja ajuaye yote hayo kwa ukamilifu. Lakini lazima awepo mtu ajuaye kwamba yote hayo yanahitajika, na awezaye kuzungumza na wenye kuyajua. Kumlea mtu wa namna hiyo ndiyo kazi ya shahada anayoitaka binti wa Tanga.

Hapo mama mwenye nyumba, ambaye muda wote alikuwa akichambua mchele kwenye ungo bila kusema neno, aliuliza: "Na yule mke wa huyo David, alipata habari lini? Nani alimwambia?"

Nilimjibu kwamba sauti yake haikufika kwetu katika barua hizo mbili. Tunaye kwa maneno ya shemeji yake tu. Mama akatikisa kichwa, akaendelea na mchele wake.

KILWA NA MASHAHIDI WAKE

"Hayo ni ya Misri," mzee alisema. "Ya hapa je?"

Ya hapa yapo, nayo yanadai mashahidi wengi vilevile. Mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta wa Morocco alifika Kilwa, akamkuta Sultani al-Hasan bin Sulaiman, akausifu mji kuwa ni miongoni mwa miji mizuri na iliyojengwa vyema. Lakini alisema umejengwa kwa mbao. Anayezuru Kilwa Kisiwani leo huona Msikiti Mkuu wa mawe ya matumbawe, na magofu ya jumba la Husuni Kubwa lenye birika la pembe nane juu ya bahari. Nani asadikiwe, kitabu au jiwe?

Mtu wa kitabu hukumbusha kwamba Ibn Battuta hakuandika akiwa Kilwa. Alisimulia na mwingine akaandika, huko Fez, na kazi hiyo ilimalizika mwaka 1355, zaidi ya miaka ishirini baadaye. Mtu wa akiolojia naye hukumbusha kwamba jiwe hudumu na mti huoza: pembeni mwa majumba machache ya mawe waliishi watu wengi katika nyumba za miti na udongo, na nyumba hizo hazikuacha kuta za kupigwa picha. Yawezekana basi kwamba msafiri aliona ule mji wa wengi ambao macho yetu hayauoni tena. Kila shahidi amesema kweli kiasi, na hakuna aliyesema yote.

Sarafu nazo zina lao. Sarafu za Kilwa hazina tarehe, na maandishi ya pande zake mbili huwa na vina kama beti. Moja yenye jina la al-Hasan bin Sulaiman imepatikana Great Zimbabwe, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Kilwa. Hakuna kitabu kilichoandika habari za safari yake. Kipande cha shaba chenyewe ndicho kinachotoa ushahidi wa njia ya dhahabu iliyounganisha bara na pwani.

Kisha kuna swali linalogusa nasaba za watu, na ambalo limewahi kuzungumzwa kwa hasira kuliko kwa elimu: miji ya pwani ilianzishwa na nani? Tarikh ya Kilwa, iliyoandikwa kwa Kiarabu katika karne ya 16, na ambayo habari zake zilitiwa pia katika kitabu cha Mreno João de Barros mwaka 1552, husimulia juu ya mwana wa mfalme kutoka Shiraz aliyekinunua kisiwa kwa nguo. Wanazuoni wa zama za ukoloni waliishikilia hadithi hiyo, wakaifanya miji yote kuwa ni kazi ya wageni. Wachimbaji waliofuata, hasa huko Shanga katika visiwa vya Lamu miaka ya 1980, walionyesha kwamba mji ulikua hatua kwa hatua kutokana na kijiji cha wenyeji tangu karne ya 8. Na lugha tunayoiandika hapa ni ya Kibantu.

Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha uchunguzi wa chembe za urithi za watu 80 wa kale, wengi wao waliozikwa katika miji ya pwani ya Kenya na Tanzania. Ilionekana kwamba kwa wengi wao asili ya upande wa mama ilikuwa ya Kiafrika, na ya upande wa baba ilikuwa na sehemu kubwa ya Kiajemi, na kwamba mchanganyiko ulianza kiasi cha mwaka 1000. Basi hadithi ya Shiraz haikuwa uongo mtupu, wala haikuwa kweli kamili. Na hata hapo mtu mwenye elimu pana atauliza: makaburi hayo yalikuwa ya nani? Mengi yalikuwa ya watu wa hadhi, waliozikwa karibu na misikiti. Mifupa yao haiwezi kuwasemea wavuvi, wakulima na watumwa.

MSHIKA MBILI MOJA HUMPONYOKA

Mzee hakukosa hoja. "Mshika mbili moja humponyoka," alisema. "Huyu anataka kushika sita."

Hoja hiyo ni ya haki, na walimu wa fani hiyo wenyewe huijua. Hatari ya masomo mapana ni mwanafunzi kujua kidogo katika kila jambo na kutokuwa fundi wa lolote. Dawa yake ni mbili. Ya kwanza ni lugha: asiyetia nguvu katika lugha moja ya kale kwa miaka kadhaa atabaki kusoma tafsiri za wengine, na atakuwa mtalii katika nyumba ya watu. Ya pili ni tasnifu, ambayo humlazimisha kushuka kisimani mahali pamoja badala ya kuzunguka juu ya visima vingi.

Kuhusu kazi, tusidanganyane. Hakuna tangazo gazetini linalomtafuta mtaalamu wa karne ya 12. Wenye shahada hii huingia katika makumbusho, maktaba na nyaraka, ualimu, uandishi, uchapishaji, au huendelea na sheria na masomo mengine ya juu. Wanachokiuza ni uwezo wa kupima ushahidi unaogongana, kusoma lugha ngumu, na kuandika kwa hoja. Uwezo huo una soko, lakini haubandikwi bei mlangoni kama ule wa mhasibu. Familia isiyo na akiba ina haki ya kuyapima hayo kwa uangalifu.

Hata hivyo, kupima ni kwa pande mbili. Kilwa na Songo Mnara viliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, na kuanzia mwaka 2004 hadi 2014 vikawa katika orodha ya urithi ulio hatarini, kuta zikiporomoka na bahari ikila ufuko. Mahali kama hapo panahitaji waashi na wahandisi, na pia watu wa kueleza ni nini kinachookolewa. Tusipowasomesha watoto wetu, maelezo hayo yatatolewa na watoto wa wengine, nasi tutayasoma katika tafsiri.

KWA MZAZI ALIYE NA BARUA KAMA HIYO

Mzazi asimkatalie mtoto kwa sababu ya jina la somo, wala asimkubalie kwa sababu ya jina la chuo. Amuulize mambo manne. Utajifunza lugha gani, na kwa miaka mingapi? Walimu wako wanatoka idara zipi, na ni nani atakayekusimamia? Waliomaliza kabla yako wako wapi? Na je, unaweza kuliambatanisha somo hilo na jingine lenye njia ya kazi iliyo wazi? Mtoto mwenye majibu amekwisha kufikiri. Asiye na majibu apewe muda akayatafute.

Na jambo moja tunaweza kulifanya bila chuo. Katika nyumba nyingi za pwani yamo makasha yenye karatasi za mababu, zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, ambazo hakuna tena wa kuzisoma. Nyingi si za kale sana, lakini karatasi za Fustat nazo zilikuwa taka za jana kwa walioziweka. Zisichomwe moto wala zisiachiwe mchwa. Ziwekwe pakavu, na aitwe ajuaye kuzisoma.

Nilirudi Tanga wiki iliyofuata. Mzee alikuwa amekwisha kumjibu bintiye, naye alinisomea rasimu yake. Amemruhusu kwa masharti mawili: asiuache uchumi, bali aubebe sambamba na somo hilo jipya, na kila muhula awaandikie wazazi barua ya kueleza alichokisoma, kwa Kiswahili ambacho mama yake atakielewa. Chini kabisa, kwa mwandiko mwingine, mama alikuwa ameongeza mstari wake mwenyewe. Alimtaka binti atafute, popote panapotafutwa mambo kama hayo, ni nani aliyempelekea habari mke wa David.

"Na aanze na Kiarabu," mzee alisema, akiikunja karatasi. "Babu yake alikuwa akikisoma."